Kizuizi cha Sabaki

"Ticha, lakini yale maji hayachanganyiki."

Mada ubaoni ni densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ujazo wake. Mwalimu ametoka tu kusema kwamba maji ya mto yakifika baharini huelea kwa muda juu ya maji ya chumvi, kisha yakachanganyika nayo. Mkono umeinuka nyuma ya darasa, na mwenye mkono si mtoro wala si mkorofi. Ni yule anayemaliza hesabu kabla ya wenzake. Ameshafika pale mto Sabaki unapoingia baharini, karibu na Malindi. Ameyaona maji ya tope upande huu, ya buluu upande ule, na mstari katikati. Kisha anasoma Aya, kwa tajwidi iliyonyooka, na kuifasiri: bahari mbili zinakutana, baina yao kuna kizuizi, haziingiliani.

Darasa kimya.

Somo lilikuwa likiendeshwa kwa Kiingereza, swali limekuja kwa Kiswahili. Maswali ya aina hii aghalabu huja kwa Kiswahili, na mwalimu anayelijibu kwa Kiingereza ameshajitenga nalo kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Limenikaa kichwani wiki kadhaa, na si kwa ugumu wake. Fizikia yake ni nyepesi. Kilichonikera ni lile jibu ambalo walimu wengi wazuri hulitoa.

## Jibu linalopigiwa makofi

"Barabara! Hicho kizuizi ndiyo densiti yenyewe. Qur'ani imesema zamani, wanasayansi wamekuja kugundua juzi."

Makofi. Kijana ametukuzwa, mwalimu ameonekana mcha Mungu, kipindi kinaendelea. Nani atalalamika?

Tatizo la kwanza ni kwamba jibu si kweli. Tofauti ya densiti haizuii maji kuchanganyika, inayachelewesha tu. Mwanafunzi ameondoka na kosa lile lile alilokuja nalo, na sasa lina muhuri wa mwalimu.

La pili ni zito zaidi. Mwanafunzi amefundishwa kwamba jambo la maabara linakuwa kweli pale linapolingana na Aya. Kipimo hicho atakihifadhi. Atakapofika kidato cha nne na kukuta mada ya mageuko ya viumbe atakitoa mfukoni, na mwalimu hatakuwa na la kusema, kwa kuwa ni yeye aliyempa. Na wale Wakristo wa dawati la mbele, ambao Aya ile si yao, wamejifunza nini leo kuhusu maji?

La tatu linamhusu muumini mwenyewe. Nadharia za sayansi hurekebishwa. Ukiitundika Aya kwenye msumari wa fizikia ya mwaka huu, siku msumari ukichomolewa utaonekana wewe ndiye uliyeiangusha.

Mwalimu mwingine hukosea upande wa pili: "Mambo ya chuoni yaacheni chuoni," yaani madrasani. Hapa darasa halipigi makofi. Linanyamaza, linaandika notisi, linafaulu mtihani, na linaendelea kuamini lile lile. Sijui ni jibu gani kati ya haya mawili lenye hasara kubwa zaidi.

## Sentensi moja, madai mawili

Kijana yule amesema mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza ni kwamba Mwenyezi Mungu ameweka kizuizi. La pili ni kwamba maji ya Sabaki na ya bahari hayachanganyiki. Kazi ya mwalimu wa sayansi imo kwenye la pili peke yake.

Kwa hiyo jibu la mwanzo ni fupi: "Tafsiri ya Aya ina wenyewe, mimi si mmoja wao. Lakini umesema maji hayachanganyiki. Hilo tunaweza kulipima."

Kisha dai liandikwe ubaoni kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe, bila jina la Mungu wala la kitabu ndani yake: *Maji ya mto na maji ya bahari yakikutana hayachanganyiki.* Aulizwe: ndivyo ulivyosema? Akitaka kurekebisha, arekebishe. Mpaka akubali maneno yale, jaribio lisianze, la sivyo matokeo yakimwendea kombo atasema hakumaanisha hivyo, na atakuwa na haki.

Asiruhusiwe mtu kucheka. Mwalimu mwenyewe ndiye wa kwanza.

## Mitungi miwili

Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Chukua gilasi au mitungi miwili ya kioo yenye umbo moja. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita, kwa hiyo nusu lita inataka kama gramu 17 au 18, ambazo ni kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yatiwe rangi ya chakula, matone mawili matatu, na yale ya chumvi yaachwe meupe.

Maji baridi yatoke wapi? Hapa ndipo jaribio linapoharibikia Malindi. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na maji ya bomba la shule huenda yakawa ya kisima. Tumia ya mvua au ya chupa ya dukani. Na yote mawili yalale chumba kimoja usiku kucha ili yawe na joto moja, kwani maji ya uvuguvugu huelea hata yakiwa na chumvi kidogo, na hapo hutajua kilichoelea kimeelea kwa nini.

Kabla ya kumimina, kila mwanafunzi aandike anachotarajia. Asiyeandika atadai baadaye kwamba alijua.

Mtungi wa kwanza: tia maji ya chumvi hadi nusu. Shika kijiko, mgongo juu, kiguse uso wa maji, kisha mimina yale ya rangi juu ya kijiko polepole sana, kama uzi. Ukiharakisha yatavurugika na hutaona kitu. Ukienda taratibu utapata mpaka mkali kabisa, rangi juu, weupe chini. Kijana wa nyuma atatabasamu. Mwache, anachokiona ni kweli.

Mtungi wa pili: geuza. Maji baridi yasiyo na rangi yatangulie chini, na yale ya chumvi, safari hii ndiyo yenye rangi, yamiminwe juu. Yatazama moja kwa moja huku yakisambaa. Swali kwa darasa: kizuizi kimekwenda wapi? Maji ni yale yale, chumvi ni ile ile, kilichobadilika ni nani yuko juu.

Sasa lile kosa ambalo limewaaibisha walimu. Usiseme, "Kesho mtakuta mtungi wa kwanza umechanganyika wote." Hautakuwa. Chumvi ikiachwa isafiri yenyewe ndani ya maji yaliyotulia huenda mwendo wa kobe, na baada ya siku nzima mpaka utakuwa umefifia kwa sentimita chache tu. Baada ya wiki bado utaona juu pana rangi zaidi kuliko chini. Mwalimu aliyeahidi kesho atakuta mstari umesimama, na kijana ameshinda mbele ya darasa zima, tena kwa haki. Ahadi iwe hivi: "Kesho tutapima upana wa mpaka kwa rula." Leo rula ilionyesha milimita moja au mbili. Kesho itaonyesha zaidi. Mpaka unaopanuka maana yake maji yanaingiliana.

Baada ya hapo mpe kijana mwenyewe kijiko, akoroge mara tatu. Asubiri kadiri atakavyo. Hayatengani tena.

Pale Sabaki kijiko hicho ni mawimbi, upepo na maji kujaa na kupwa. Na ule mstari aliouona? Jicho linaona tope, halioni chumvi. Chembe laini za udongo zikikutana na maji ya chumvi hushikana mafungu, zikawa nzito, zikazama. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa yameshachanganyika sana na bado yakaonekana ya buluu, kwa kuwa tope limeshuka. Anayetaka ushahidi achote maji sehemu tatu: juu mtoni, mlangoni, na mbali baharini. Mililita 100 za kila sehemu zichujwe kwanza (tope lisilochujwa litapimwa kama chumvi), zikaushwe kwa moto mdogo bila kutokota, kisha mabaki yapimwe kwa mizani ya shule. Bahari itatoa gramu 3 na nusu hivi, mto karibu hakuna, na mlango utatoa kiasi kilicho kati ya hizo, tena kinachobadilika baina ya maji kujaa na kupwa pale pale ulipochota. Wanafunzi wasiingie majini. Sabaki ina viboko na mamba, na mvuvi mwenye mashua atachota kwa usalama zaidi kuliko kidato cha pili kizima.

Aya je? Haikuguswa. Kijana anaweza kwenda kumuuliza ustadhi wake maana ya kizuizi, na sasa ana swali zuri zaidi la kumpelekea.

## Usiku mwezi ulipogeuka mwekundu

Hapo nilipoamini kwamba dini isitajwe kabisa katika kusahihisha, nilikwama kwenye kupatwa kwa mwezi.

Tarehe 7 Septemba 2025, katikati ya Mfungo Sita wa kalenda ya Kiislamu, mwezi ulipatwa wote kwa dakika 82 na pwani nzima iliuona. Wapo watoto walioambiwa kwamba ni balaa, au kwamba kuna mkubwa atakayekufa. Na hadithi sahihi ya kuwajibu ipo. Jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume akakataa: jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Wanaohesabu mienendo ya jua na mwezi hulitaja lile la tarehe 27 Januari 632.

Je, kuitaja hadithi hii darasani si kurudi kule kule kwenye makofi?

Nimelipindua mara nyingi, na naona hapana. Hadithi ile haisemi kupatwa husababishwa na nini. Inaondoa sababu ya uongo na kuacha mahali pake wazi. Kwenye densiti mwalimu alilazimisha Aya iwe fizikia. Hapa dini yenyewe inamwambia muumini kwamba sababu aliyosikia mtaani si yake. Mwalimu anaweza kuitaja kwa sentensi moja, kisha akajaza pale palipoachwa wazi kwa kazi yake mwenyewe.

Na kazi hiyo ifanywe kwa vipimo vya haki. Chungwa la sentimita 8 liwe dunia. Mwezi utakuwa gololi ya sentimita 2 na kidogo. Uliza darasa waiweke wapi. Karibu wote wataiweka sentimita 20 au 30 kutoka kwenye chungwa, kama picha za vitabuni. Mahali pake ni mita 2.4. Kivuli cha chungwa kikifika huko kina upana usiofika sentimita 6, ilhali njia ya gololi imeinama nyuzi 5, yaani inaweza kupita hadi sentimita 20 juu au chini ya kivuli. Ndiyo maana hatuoni kupatwa kila mwezi unapokuwa mpevu. Na kwa kuwa ni lazima dunia iwe katikati ya jua na mwezi, mwezi hupatwa karibu na usiku wa 14 au 15 wa mwezi wa Kiislamu, na jua mwishoni mwa mwezi. Watoto wanaohesabu Mfungo nyumbani hulishika hili upesi kuliko wenye kalenda ya ukutani.

Kuna kazi ya kujiandaa pia. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote Luxor na Makka, na huku kwetu kwa sehemu. Filamu ya eksirei haikingi jicho, wala kuliangalia kwenye ndoo ya maji. Toboa kadi kwa sindano, geuza mgongo kwa jua, acha mwanga uangukie karatasi nyeupe. Kwa mita 2 utapata sura ya jua yenye upana wa karibu sentimita 2, ikiwa imemegwa.

## Picha ya kwenye simu

Dhana inayoikwaza dini ni rahisi kuikosoa. Ngumu ni ile inayoisaidia.

Picha ya mwezi wenye ufa imezunguka miaka mingi, na maelezo kwamba NASA, shirika la anga la Marekani, imethibitisha mwezi ulipasuliwa kwa muujiza wa Mtume. Picha ni ya kweli. Ilipigwa na Apollo 10 mwaka 1969, na ufa huo unaitwa Rima Ariadaeus, bonde refu la kilomita 300 hivi ambalo halizunguki mwezi. Yako mengi ya namna hiyo. NASA haikuthibitisha chochote.

Mwalimu akisema hivyo huonekana kana kwamba amekanusha muujiza, wakati alichokanusha ni maelezo ya picha. Aseme waziwazi, kwa mpangilio huu: muujiza ni jambo la imani na sikuugusa, picha hii si ushahidi wake, na aliyekutumia hakuiangalia. Nimeona Mwislamu mwenye elimu akishukuru kwa hilo zaidi ya yeyote.

## Mtoto wa Panga ya Saidi

Mpaka hapa nimechagua mifano inayonipendelea. Mageuko hayana huruma hiyo.

Hapa mgongano ni wa kweli, na mwalimu anayesema "hakuna mgongano wowote" anawadanganya watoto ambao tayari wanajua kwamba upo. Masheikh wengi hawakubali mageuko kwa upande wa binadamu. Makanisa mengi ya huku nayo hayakubali. Kanisa Katoliki lina msimamo laini zaidi, na Papa Yohane Paulo II mwaka 1996 alisema nadharia hiyo ni zaidi ya dhana tu. Ni sawa kulitaja hilo kama habari. Si sawa kulitumia kama ushahidi, kwani Papa hakuchimba visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale.

Silabasi yenyewe ya kidato cha nne inataja uumbaji maalumu pamoja na mageuko ya kikemikali (uhai kuanzia kwenye kemikali) kama maelezo ya asili ya uhai, kisha inamtaka mwanafunzi aeleze ushahidi wa mageuko: visukuku, anatomia linganishi, viinitete, mtawanyiko wa viumbe. Neno ni *eleza*. Hakuna swali la mtihani linalosema *amini*. Mwambie hivyo mwanzo wa mada, si katikati ya ugomvi.

Kisha anza karibu. Katika kaunti hii hii ya Kilifi kuna pango la Panga ya Saidi, ambako watafiti waliikuta mifupa ya mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021 na wakampa jina Mtoto. Ndiyo maziko ya kale zaidi ya mwanadamu yanayojulikana Afrika. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba dunia ina miaka 6,000 atauliza walijuaje, na hilo ndilo swali tunalolitaka. Chembe za mchanga zilizofukiwa hulimbikiza nishati kutokana na mionzi ya asili ya udongo unaozizunguka. Zikimulikwa maabara huitoa nishati hiyo kama mwanga. Kiasi kilicholimbikizwa kikigawanywa kwa kinachoingia kila mwaka, unapata miaka tangu zilipoonwa na jua mara ya mwisho. Waandike: hesabu hii inaweza kuharibikia wapi? Chembe ikipigwa na jua wakati wa kuchimba, saa yake inarudi sufuri. Kwa hiyo sampuli huchukuliwa gizani.

Mwanafunzi anayejua mbinu ilivyo na inavyoweza kukosea ameelimika, hata akitoka nje akisema bado haikubali.

Kosa moja lisiachwe. "Tulitokana na nyani hawa wa leo" si dai la sayansi. Dai ni kwamba sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja waliotengana miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Anayekataa, akatae kilichosemwa.

Na watauliza, bila shaka: "Wewe mwalimu unaamini?" Ushauri wangu ni kutojibu ndani ya darasa. Ukijibu ndiyo au hapana, watachagua upande kwa kukupenda au kukuchukia, na ushahidi wote ulioweka ubaoni utafutika.

## Pale upole unapokoma

Baada ya Shakahola, mwaka 2023, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, na maiti zaidi ya 400 zilizofukuliwa, hakuna mwalimu wa Malindi anayeweza kusema kwamba imani za wanafunzi hazimhusu kamwe.

Mtoto akianguka kifafa darasani, hakuna kuandika dai ubaoni wala kusubiri utabiri. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ikipita dakika 5 hajatulia, hospitali. Wenzake wakisema ni jini, mwalimu asianze mjadala kuhusu majini. Kwa mzazi, maneno yanayosikika ni haya: "Mama, mkitaka asomewe, asomewe. Dawa asikose hata siku moja." Kukatiza dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege kali kuliko za mwanzo, na hilo mzazi aambiwe kwa maneno ya wazi. Vivyo hivyo kwa mfungo wa Kikristo au wa Ramadhani: mwenye kisukari anayechoma insulini azungumze na daktari kabla, na dini zenyewe zina ruhusa kwa mgonjwa.

Tofauti ninayoiona ni hii tu: dai la Sabaki linaweza kusubiri wiki nzima pale mtungini.

## Kusahihisha daftari

Limebaki jambo dogo ambalo walimu huniuliza. Mtihani unauliza kwa nini maji ya mto huelea juu ya maji ya bahari, na mwanafunzi ameandika: *Mwenyezi Mungu ameweka kizuizi.*

Hapati alama. Lakini usipige mkwaju mwekundu juu ya jina la Mungu, kwani daftari hilo litafika nyumbani na litasomwa na baba. Acha sentensi yake kama ilivyo na uandike pembeni: "Ongeza sababu inayopimika. Gramu ngapi kwa lita, mto na bahari?" Akirudisha na namba, mpe alama ya namba. Akirudisha na sentensi ya kwanza bado iko juu yake, usiifute.